Msimamizi Aketi Wapi?

Wapo wadhanio kwamba kumsimamia mwanafunzi ni kusahihisha karatasi zake tu. Hao yafaa waitazame kazi ya Dakta Nancy Caroline, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1944. Mwaka 1974, mjini Pittsburgh, alikabidhiwa usimamizi wa tiba katika Freedom House, huduma ya magari ya wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa juhudi za Dakta Peter Safar na wenzake.

Kabla ya hapo mgonjwa wa mji huo alichukuliwa na gari la polisi, au hata na gari la kubebea maiti. Freedom House iliwaajiri Wamarekani Weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana kazi, ikawafundisha kurejesha pumzi na kuusukuma moyo uliosimama. Wakati ule si madaktari wengi waliokubali kwamba asiye daktari aweza kufanya hayo barabarani.

Caroline alipanda garini pamoja nao, na alipokuwa mbali aliwaelekeza kwa redio. Faida yake ni dhahiri. Tuchukue kazi ya kupitisha mrija kooni. Ukiingia katika umio badala ya njia ya hewa, pumzi huenda tumboni, na mgonjwa hufa huku mhudumu akiamini amemwokoa. Hapana budi kusikiliza mapafu yote mawili mara moja. Msimamizi aliye karibu huona kama kifua kimesikilizwa. Asomaye ripoti ofisini husoma yale anayoyakumbuka mwandishi, ambaye pengine ndiye aliyekosea.

Kutokana na kazi hiyo Caroline aliandika mtaala wa mafunzo ya wahudumu wa dharura wa Marekani, na kitabu kilichotoka mwaka 1979. Lakini mwaka 1975 huduma ya Freedom House ilikuwa imekwisha kufungwa, na mji ukaanzisha ya kwake. Wengi wa wale ambao ujuzi wao uliujaza mtaala huo hawakudumu katika huduma mpya. Jambo hili halitajwi inavyostahili kila kitabu kinaposifiwa.

Katika miaka ya 1980 Caroline alifanya kazi Nairobi, katika shirika la AMREF lenye Madaktari Warukao, ambako mgonjwa aliweza kuwa mbali kwa mwendo wa saa nzima ya ndege.

Mwalimu wa sekondari atasema kwamba yeye ana wanafunzi 60 na hana gari wala redio. Ni kweli. Hata hivyo maabara anayo, japo ni meza mbili. Mwanafunzi asomaye silinda ya kupimia huku jicho lake likiwa juu ya usawa wa maji huandika kipimo kilichozidi. Daftari likikusanywa Ijumaa, namba hiyo itaonekana safi kabisa, na mwalimu aliyebaki mezani kwake ataitilia alama ya vema.