Tusiizibe Pua Nyumba

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia baada ya sala ya alasiri. "Mjomba," akaniambia, "nataka kukifunika kiwanda kwa mabati nipate chumba cha kupangisha. Joto likizidi nitatia feni." Nyumba yenyewe ni ile aliyoijenga babu yake, marehemu baba yangu.

Sikumkasirikia, maana kodi ni riziki. Nilimshika mkono nikampeleka ukutani. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake yapata dhiraa moja. Jua lauchoma mchana kutwa na ndani mna baridi. Nacho kiwanda ndicho pua ya nyumba: hewa moto yapanda ikatoka, na hewa mpya ikaingia mahali pake. Ukikiziba, feni itazunguka usiku na mchana, na hiyo kodi itaishia kulipia stima.

Sisemi kila cha kale ni chema. Boriti za mikoko zilikatwa kwa pupa hata serikali ikapiga marufuku kuziuza nchi za nje mwaka 1982, na tanuu za chokaa zala kuni nyingi. Anayejenga upya na atafakari. Lakini nyumba iliyokwisha simama haidai boriti mpya wala simiti. Yadai kutunzwa tu. Kuiharibu hiyo ndiyo israfu.

Na maji je? Chuoni tulisomeshwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akikoga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, hadi vibaba vitano. Leo twafungua mfereji tangu viganja hadi miguu, maji yakenda mtaroni, na jirani ana mtungi mkavu. Wazee wetu walichota kwa kata birikani, na humo wakafuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu.

Basi ndugu zangu, tuviache viwanda wazi, tukinge maji ya mvua, na tutawadhe kwa kopo. Haya hayahitaji fedha, yahitaji haya mbele ya neema ya Mola.

Mpwa wangu hajaniambia ameamua nini. Mabati bado yameegemezwa dakani, nami nikipita huyahesabu. Naomba akayauze.