Kiberiti Kimo Mfukoni Mwetu

Ukimwuliza mtoto ye yote wa Karagwe au Kyerwa kahawa huchumwa mwezi gani, atakujibu mara moja. Lakini ukimwuliza majani ya vilima vyetu huchanua lini na kuangusha mbegu lini, atakutazama tu. Ujinga huu una hasara, nayo twaanza kuiona majumbani mwetu.

Mama yangu hukata majani kilimani ayatandaze kibanjani, chini ya migomba na mibuni. Jirani yetu ana mizinga, na nyuki wake hutafuta chakula katika maua ya mbuga hiyo hiyo. Jirani wa pili hulisha ng'ombe wake papo hapo. Basi kilima kimoja chategemewa na nyumba tatu. Majani yasipopata nafasi ya kuchanua na kutoa mbegu, mashina yanayozeeka hukosa wa kuyarithi, na nyumba zote tatu hupata hasara.

Wazee wengi husema: "Hali ya hewa imebadilika, nasi tufanye nini?" Ni kweli, dunia imezidi joto; mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa. Huko Kyoto, Japani, ambako siku za kuchanua kwa micheri zimeandikwa kwa zaidi ya miaka 1,200, mwaka 2021 maua yalitimia tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wo wote ulioandikwa kabla yake.

Lakini kwetu, karibu na Ikweta, hakuna majira ya theluji, na urefu wa mchana haubadiliki sana. Kinachoamsha mimea ya mbuga zetu hasa ni mvua na moto. Mvua za Septemba hadi Desemba na za Machi hadi Mei zikichelewa, au zikinyesha siku chache kisha zikakatika, mimea nayo hupotewa na majira yake. Mvua hatuwezi kuiamuru. Kiberiti, hata hivyo, kimo mfukoni mwetu.

Sisemi kwamba kila moto ni mbaya. Iko mimea ya mbuga ichanuayo vizuri baada ya kuungua, na mchungaji achomaye ili ng'ombe wapate majani machanga si mjinga. Moto wa mwanzo wa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu, hauna ukali mwingi. Moto wa mwisho wa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu, huua miche na kuacha udongo uchi, ukingoja mvua ya kwanza iuchukue hadi bondeni. Ubaya mkubwa zaidi ni kuchoma kilima kile kile kila mwaka, kisha kuingiza ng'ombe mara majani yanapochipua. Hapo hata mvua njema haisaidii, maana shina la ua huliwa kabla ua halijafunguka. Wala sisi wenye vibanja tusijitoe katika lawama: mundu ukatao kabla ya mbegu kuanguka hufanya kazi ile ile.

Wengine watauliza, tutajuaje kama majira ya maua yamehama? Tutajua tukiandika. Tangu Novemba 1861 hadi Aprili 1862 James Augustus Grant, mwenzake Speke, alikaa Karagwe katika nchi ya Mukama Rumanyika, akiuguza mguu. Katika safari ile alikusanya mimea, na mimea yake iliyokaushwa imehifadhiwa huko Kew, Uingereza. Mgeni mgonjwa aliona mimea yetu yastahili kuwekwa. Sisi wenye miguu mizima tunapita juu yake kila asubuhi.

Kwa hiyo natoa shauri. Shule yetu ianze daftari la maua. Kila kidato kitoe wanafunzi wawili, nao wachague mimea mitano ya kilimani ambayo wazee wanaijua kwa majina ya Kinyambo. Waandike siku ya mvua ya kwanza, siku ya ua la kwanza, na siku ambayo mahali palichomwa, palilishwa au palikatwa. Tena kilima cha shule kigawanywe mafungu matatu: moja lichomwe mapema chini ya uangalizi wa walimu, moja likatwe baada ya mbegu kuanguka, na moja liachwe. Baada ya miaka michache wadogo zetu wataweza kutofautisha kosa la mvua na kosa letu wenyewe.

Hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizotangazwa mwaka 2019, ni fahari yetu. Lakini majani ya mama yangu hayatoki huko, wala nyuki wa jirani hawafiki huko. Hutegemea kilima kilicho nyuma ya nyumba. Wazazi, mtakapokaa katika mkutano wa kijiji kabla ya kiangazi, liulizeni jambo hili: mwaka huu tutaacha fungu gani lichanue?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu