Kiungulia Kisichokoma Hakitibiwi Dukani

NI WACHACHE miongoni mwetu ambao hawajawahi kuchomwa na kiungulia. Ukitembelea Dabaso, kando ya hori ya Mida, utakaribishwa kwa sambusa za kaa, wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na kwa wanywaji, mnazi. Ukilala na shibe hiyo kisha ukaamka na maji machungu kooni, hilo si ajabu. Lakini iwapo hali hiyo inakujia mara mbili au zaidi kwa wiki, nawe unaizima kwa kidonge cha kutafuna, basi, msomaji, unajidanganya.

Kiungulia hutokea wakati tindikali ya tumbo inapopanda kwenye umio, yaani njia ya chakula. Mwisho wa umio kuna msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko. Shibe kubwa, mafuta mengi, pombe, sigara, unene na mimba huweza kuulegeza au kuusukuma ufunguke.

Tiba ya kwanza haina gharama. Kula kidogo kidogo, na upitishe saa tatu kabla ya kulala. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali, kiasi cha sentimita 15. Kurundika mito hakusaidii sana. Lalia ubavu wa kushoto. Legeza mshipi au leso. Chunguza pia ni chakula gani kinachokuudhi wewe, kwani pilipili inayomchoma jirani huenda isikuguse.

Dawa za dukani nazo zina nafasi yake, ila si za kutumiwa ovyo. Magadi soda yana chumvichumvi nyingi, hayamfai mgonjwa wa shinikizo la damu. Vidonge vya kupunguza tindikali huweza kuzuia mwili kufyonza madini ya chuma na baadhi ya viuavijasumu. Aidha, wengi hununua dawa ya tumbo pamoja na ibuprofeni au diklofenaki za maumivu ya mgongo, bila kujua kwamba hizo za mgongo huweza kuchimba vidonda tumboni.

Iwapo umetumia dawa hizo kwa wiki mbili bila nafuu, au kiungulia kinarudi kila unapoziacha, mwone daktari. Huenda una vidonda vya tumbo, na vingi husababishwa na bakteria wanaotibika kwa viuavijasumu. Kinywaji cha povu hakiwaui.

Kuna dalili ambazo hazingoji hata hizo wiki mbili: chakula kukwama au kuuma unapomeza, kukonda bila sababu, kutapika mara kwa mara na upungufu wa damu. Si kila kiungulia huishia kuwa saratani, la hasha. Lakini saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi zaidi, na dalili yake kuu ni kumeza kwa shida. Anayeiita dalili hiyo kiungulia na kuendelea kutafuna vidonge hupoteza miezi ambayo angeweza kutibiwa.

Ukitapika damu au ukapata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na maumivu ya kifua yanayobana, yakaenea mkononi au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, yachukulie kuwa ni ya moyo mpaka daktari aseme vingine.

Najua kisingizio chetu: foleni ni ndefu na duka liko hapo nje. Mkazi wa Dabaso anayehitaji kipimo cha kamera ya kooni atalazimika kupata rufaa na kusafiri, na hilo ni jambo la serikali kulitazama. Wewe wa mjini, mwenye hospitali mwendo wa matatu moja, utajitetea vipi? Mweleze daktari kiungulia kilianza lini, unatumia dawa zipi na kama unameza vyema. Dalili ya mvua ni mawingu, usingoje kulowa.