Mboga ya dakika tano



Kwenye shule ya Biblia walitufundisha kusuluhisha ugomvi wa ndoa, wa mali, hata wa maziko. Juu ya mboga, hapana. Lakini miezi michache iliyopita mama mmoja wa kanisa alifika kwetu saa mbili ya usiku, akasimama mlangoni: "Pasta, kuya unisaidie. Baba ya batoto anakatala chakula ya mutoto wake."

Neno lilikuwa hivi. Kijana wao wa kwanza alipata kazi jikoni, katika kambi moja ya Wachina upande wa njia ya Likasi. Kwanza alikuwa anamenya matungulu na kuosha masahani tu. Kisha wakamwacha ashike sufuria. Siku alipopokea mshahara alinunua nusu kilo ya nyama, shu de shine na chupa ndogo ya sosi ya soya, akapikia nyumba nzima, watu nane. Baba yake aliangalia sahani, akasimama. "Miye sikule bintu ya Bashinwa. Nani anayua banatiamo nini?" Akalala na njaa. Mwezi uliofuata, vile vile.

Nyumba za namna hii ni nyingi kwetu. Tangu mwaka 2008, serikali yetu ilipotia sahihi mkataba mkubwa na kampuni za China, na tena tangu mwaka 2016, kampuni CMOC ya China iliponunua sehemu kubwa ya mgodi wa Tenke-Fungurume, vijana wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanafanya kazi pamoja na Wachina. Wanajifunza maneno mawili matatu ya Kichina, na wengine wanajifunza kupika. Wanarudi nyumbani na mambo ambayo wazazi hawayajui.

Nilikwenda Katuba na Biblia mkononi, tayari kufungua Matendo ya Mitume sura ya 10, pale Petro anapoona ile nguo kubwa ikishuka kutoka mbinguni na wanyama wa kila namna. Nilifikiri pia juu ya Paulo, anavyowaandikia Wakorinto juu ya nyama ya sokoni. Lakini baba yule hakusema neno la najisi. Alisema kwanza juu ya nyoka. Nikamjibu kwamba wako Wachina wanaokula nyoka, kama sisi tunavyokula finkubala, na wageni wanatushangaa. Lakini chakula ya kila siku katika nyumba ya Mchina ni wali, majani, mayai, nyama kidogo. Akasema: "Hii haiko chakula ya bankambo." Nikamwuliza bukari yake imetoka wapi. Mahindi na muhogo vimetoka Amerika, vikaletwa pwani za Afrika kwa meli za Wareno baada ya mwaka 1500. Mbele ya hapo watu wetu walisonga unga wa mtama na wa ulezi. Tomati pia, pilipili pia, ni vitu vya Amerika. Akacheka kidogo: "Pasta, unaniletea masomo." Lakini hakukubali.

Kisha akanyamaza muda mrefu. Mwisho akasema neno lenyewe. "Miye nilikuwaka nachukula posho ku Gécamines. Unga, mafuta, byote, miye njo nilikuwaka naleta mu hii nyumba. Leo mutoto njo analeta."

Baba yule alitoka kazini mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walipoondoka kwa ile inayoitwa départ volontaire. Kumbe ugomvi haukuwa juu ya sosi ya soya. Nikafunga Biblia, tukaomba, nikamwomba neno moja tu: siku ya posho kijana apike mbele yetu wote, na baba mwenyewe ashike kazi ya moto.

Sikusema vile kwa ujanja tu. Mapishi haya bila moto mkali si kitu, na moto wa mbabula unataka mtu wa kuupepea. Kwa Kichina yanaitwa chao, maana yake kukaranga kwa moto mkali huku unageuza bila kuacha. Watu wengi wanaeleza kwamba kule China kuni zilikuwa haba, basi wakajifunza kukata kila kitu kidogo kidogo ili kiive upesi. Sisi wa Lubumbashi tunaelewa neno hilo bila kufasiriwa. Pori lililozunguka mji limekwisha kukatwa, gunia la makala linatoka mbali, na umeme unakuja ukitaka. Sufuria ya sombe inakula makala zaidi ya saa moja. Hii inakula dakika tano.

Siku ya posho ilipofika tulikaa uwanjani. Kijana hakugusa moto mbele ya kumaliza kukata. Hapo ndipo wengi wanakosa, hata mimi nilipojaribu kwangu: niliweka mafuta motoni, ndipo nikaanza kutafuta kisu, na ayi (kitunguu saumu) ikaungua, nyumba nzima ikanuka. Mama Pasta hajaacha kunikumbusha.

Nyama nusu kilo, isiyo na mifupa, aliikata vipande vyembamba kama ganda la kiberiti, kwa kupinga nyuzi zake. Ukifuata nyuzi, nyama itakuwa ngumu kama kiatu. Akaichanganya na kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya, kimoja cha maizena ile ile ya uji wa watoto, na kimoja cha mafuta, akaiacha robo saa. Maizena inafunika nyama isikauke, na baadaye inafanya mchuzi uwe mzito kidogo. Kisha akakata matungulu mawili, karoti mbili nyembamba, meno manne ya ayi, na tangawisi kama kidole gumba. Shu de shine alichukua mafungu manne. Mboga hiyo inalimwa hapa hapa katika bustani za mji wetu, na jina lake lenyewe linasema ilitoka wapi. Mama alikuwa ameipika miaka mingi bila kufikiri kwamba anakula mboga ya Wachina. Fimbo nyeupe aliziweka upande mmoja, majani upande mwingine.

Bukari ilisongwa kwanza, ikafunikwa. Hilo ni la lazima, kwa maana mboga hii haingoji mtu. Na bukari ikitoka motoni, ndipo makala yamewaka vizuri.

"Baba, pepea," kijana akasema. Baba akapepea.

Sufuria tupu, kavu kabisa, ikawekwa mpaka ilipoanza kutoa moshi kidogo. Wachina wana chuma chao chembamba chenye tumbo la mviringo, lakini sufuria pana au chuma ya kukaranga mayai inatosha. Mafuta vijiko viwili. Nyama ikaingia nusu tu, ikatandazwa, ikaachwa kidogo ishike rangi, ikageuzwa, ikatolewa. Dakika mbili hazikupita. Kisha nusu nyingine. Mama akauliza kwa nini asitie yote pamoja. Kwa sababu sufuria ikijaa inapoa, nyama inatoa maji, na hapo haukarangi tena, unachemsha. Nyama ikitoka, mafuta kidogo tena, ayi na tangawisi kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, halafu matungulu na karoti, halafu fimbo za shu, mwisho majani. Kugeuza, kugeuza. Majani yakilala, nyama inarudi pamoja na kijiko kimoja cha sosi ya soya na maji robo kikombe. Ikichemka mara moja, imekwisha. Usifunike, usitie bikarbonati kama tunavyozoea kwa mboga za majani. Majani yanabaki mabichi kwa rangi, na fimbo inalia kidogo katika meno. Wazee wengine watasema haijaiva. Wape muda.

Baba alikuwa ameona kila kitu kilichoingia sufuriani: nyama, shu, matungulu, mafuta. Alinawa mikono, akaomba yeye mwenyewe juu ya chakula, akakata bukari. Alikula. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Nyama iko kidogo." Ni kweli. Nusu kilo kwa watu nane si nyingi. Lakini ikikatwa hivyo, kila mtoto alipata nyama katika kila tonge, na hakuna aliyeangalia kipande cha mwenzake.

Kama pesa ya nyama haiko, liko pishi lingine la mayai na tomati, na hilo ni moja ya vyakula vya kawaida kabisa katika nyumba za China. Mayai sita yanapigwa na munyu kidogo, yanakarangwa katika mafuta ya moto mpaka yanashikana lakini bado laini, yanatolewa. Tomati tano zilizoiva zinakatwa, zinakarangwa mpaka zinatoa mchuzi, unatia munyu na sukari nusu kijiko kidogo, mayai yanarudi. Basi. Mwanafunzi anayeishi peke yake anaweza kulipika. Lenga-lenga na ayi tu, vile vile, na matembele. Ndakala zilizokauka ukizikaranga kwanza zenyewe, ukatia shu ya kawaida iliyokatwa nyembamba, hutatafuta nyama.

Sasa maneno ambayo nisipoyaandika nitakuwa na kosa. Sombe usiijaribu hivi, kamwe. Majani ya muhogo yana sumu, na ni kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu kunakoiondoa. Mama zetu hawakupoteza makala bure. Maharagwe yaliyokauka pia lazima yachemshwe mpaka yaive kabisa.

La pili ni kuosha. Mboga inayokaa dakika tatu motoni inataka kuoshwa kuliko ile inayochemka saa nzima, na sisi tunajua kipindupindu. Tena tunakaa katika vumbi la migodi. Mwaka 2009 wanasayansi wa chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Maji yanaondoa vumbi lililo juu ya jani, hayaondoi kilichoingia kutoka udongoni. Basi uliza muuzaji bustani yake iko wapi, na kama iko chini ya kiwanda, kwenye mto wa maji machafu, pita kwa mwingine.

La tatu, munyu. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku. Vijiko viwili kwa watu nane havina shida. Lakini ukiitia, usitie tena munyu wala kibe ya Maggi juu yake. Wenye tansion mnanisikia, nimezika wengi. Ukikosa sosi ya soya, tumia munyu wa kawaida, na pishi litabaki lile lile.

Ndugu wengine wameniuliza juu ya nguruwe, kwa maana Waadventista na Wakimbanguisti hawamli. Tumia kuku au ng'ombe. Kule China kwenyewe wako Waislamu wa kabila la Hui, watu mamilioni, nao hawagusi nguruwe, na wanapika kwa namna hii hii.

Nilipopita Katuba juma lililopita, baba alikuwa uwanjani na pepeo mkononi, kijana alikuwa bado hajafika kutoka kazini. Karoti zilikuwa zimekwisha kukatwa. Nikauliza nani amezikata, mama akaonyesha kwa kidevu. "Bonge-bonge," akasema, "lakini tunazikula."