Mashini ikisema «hapana», tuulize sababu

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mlio katika kambi na katika familia zilizowapokea, kuna neno linalorudiwa siku hizi: kompyuta haina upendeleo, ikikataa jina lako basi huna haki. Neno hilo si kweli, na historia ya kompyuta zenyewe inalipinga.

Mwaka 1972, huko Marseille, Ufaransa, Alain Colmerauer na Philippe Roussel walitengeneza lugha ya kompyuta inayoitwa Prolog. Robert Kowalski, aliyekuwa akifanya kazi Edinburgh, alichangia misingi yake. Lugha nyingine huamuru mashini hatua kwa hatua. Prolog hupewa habari na kanuni, kisha huulizwa. Unaiambia: Yosefu ni mtoto wa Maria, Maria ni mtoto wa Ana, na mtoto wa mtoto ni mjukuu. Ukiuliza Yosefu ni mjukuu wa nani, itajibu: Ana. Inafikia jibu hilo yenyewe kwa kufuata kanuni.

Lakini ukiuliza juu ya mtu ambaye haikupewa habari zake, Prolog hujibu «hapana». Haisemi «sijui». Kisichothibitishwa huhesabiwa kuwa si kweli. Keith Clark alieleza kanuni hiyo mwaka 1978. Kwa ratiba ya treni inafaa: kama treni ya saa kumi na mbili haimo katika ratiba, haipo. Je, kwa mama aliyekimbia usiku na watoto, akaacha kadi ya uchaguzi na vyeti vya kuzaliwa ndani ya nyumba inayoungua? Kilichokosekana ni karatasi. Watoto wapo.

Mwaka 1986, Kowalski, Marek Sergot na wenzao wa Imperial College, London, walichapisha kazi iliyogeuza sehemu ya sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 kuwa programu ya Prolog. Sheria hiyo inasema mtoto mchanga aliyeokotwa nchini humo, wazazi wasijulikane, atahesabiwa kuwa raia, isipokuwa kinyume chake kithibitishwe. Mnaona? Hapo kukosa uthibitisho kunamlinda mtoto. Nani abebe mzigo wa karatasi isiyokuwepo, hilo huamuliwa na watu. Mashini hutii tu.

Wengine watasema Prolog ni ya zamani, akili bandia ya leo hujifunza kutokana na mifano mingi. Ndiyo, na hapo ndipo hofu inapozidi. Prolog inaweza kuonyesha kanuni iliyofuata mpaka kufikia jibu. Mashini nyingi za leo, hata waliozitengeneza hushindwa kueleza kwa nini zimesema hivi na si vile. Kuziachia orodha za chakula au za uraia bila mtu wa kujibu ni kuwaonea wanyonge.

Kwa hiyo, ukiambiwa «kompyuta imekataa», usirudi nyumbani kimya. Uliza kwa heshima: ni kanuni gani iliyonikataa? Ni habari gani iliyokosekana? Na nani atawasikiliza mashahidi wangu, mzee wa kijiji na majirani tuliokimbia pamoja? Anayetumia mashini kuamua juu ya watu ana deni la majibu hayo. Akishindwa kuyatoa, asiitumie.