Dhahabu Ina Mpimaji Wake. Je, Mkojo wa Mchimbaji?

Kila mwanafunzi wa biolojia katika sekondari zetu anaifahamu dawa ya buluu iitwayo myeyusho wa Benedict. Huichanganya na maji ya ndizi iliyopondwa, huipasha moto, kisha hutazama iwapo itageuka kijani, njano au rangi ya matofali. Ni wachache wanaoambiwa kwamba dawa hiyo haikutungwa kwa ajili ya ndizi. Stanley Benedict, mkemia wa Marekani, aliitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 ili kutafuta sukari katika mkojo wa wagonjwa. Shule yenye chupa hiyo katika kabati lake ina kipande cha historia ya kemia ya tiba, yaani taaluma ya kupima katika damu na mkojo vile vitu ambavyo jicho la daktari haliwezi kuviona.

Nataka kuizungumzia taaluma hiyo nikiwa nimeuelekeza uso kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Mwakitolyo na Kahama mkoani Shinyanga hadi Rwamagasa mkoani Geita. Huko ndiko tunakohitaji kuulizana mkemia wa tiba ni nani, na kazi yake ifanyike wapi.

Waganga wa kale waliutazama mkojo, na wengine waliuonja. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliukausha mkojo wa mgonjwa wa kisukari akapata sukari. Mwaka 1827 Richard Bright wa London alieleza jinsi mkojo unaoganda ukichemshwa, mfano wa ute wa yai, unavyofichua ugonjwa wa figo. Hao walikuwa madaktari walioazima kemia. Wakemia wenyewe waliingia kwa nguvu katika hospitali karne iliyofuata, wakati watu kama Otto Folin na Donald Van Slyke walipobuni njia za kupima kwa tarakimu, kwa kutumia damu kidogo tu.

Hata hivyo, kuwa na njia ya kupima si kuwa na taaluma. Mwaka 1947 Belk na Sunderman walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililowaaibisha wengi: walizipelekea maabara za hospitali za Pennsylvania vimiminika vilevile, nazo zikarudisha majibu yaliyohitilafiana vibaya. Mwaka uliofuata wakemia wa tiba wa Marekani waliunda chama chao. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo moyo wa kazi hii. Mkemia wa tiba hatambulikani kwa kumiliki mashine. Ni mtu anayeweza kuulizwa juu ya tarakimu aliyoiandika, naye akaitetea.

Nchini kwetu, Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huhesabu umri wake tangu 1895, enzi ya Wajerumani. Sheria ya wataalamu wa maabara za afya ilipitishwa mwaka 2007. Kwa hiyo msingi tunao.

Sasa tuutazame mwalo. Mawe yaliyotolewa katika maduara husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa, kisha hutiwa zebaki ili ishikane na dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, mara nyingi katika karai lililo wazi. Zebaki huruka ikiwa mvuke. Mchomaji huivuta, nayo hupita katika mapafu, ikaingia katika damu, ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, kumbukumbu hupungua, na hasira huja upesi. Jirani husema ni pombe. Mganga wa zahanati huenda akafikiria malaria. Bila kipimo hakuna anayeweza kumjibu.

Na kipimo chenyewe kina hila zake. Mtu aliyeshinda juani bila kunywa maji ana mkojo mzito, hivyo zebaki yake itaonekana nyingi kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyo mkemia hupima pia kreatinini, kitu ambacho misuli hukitoa kwa kiasi kisichobadilika sana, akalinganisha vyote viwili. Rangi inayofichua kreatinini iligunduliwa na Max Jaffe mwaka 1886. Tena vumbi la mikono ya mchimbaji likiingia katika chupa, kazi yote imeharibika.

Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliwapima watu 180 wa Rwamagasa, pamoja na 31 wa Katoro wa kulinganishia. Takriban robo ya wachomaji walionekana wamedhurika kwa zebaki. Sampuli zilisafirishwa hadi Ujerumani. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Masazumi Harada, daktari wa Japani aliyejulikana kwa kazi yake ya Minamata, alichapisha pamoja na wenzake vipimo vya nywele za watu wa kando ya Ziwa Viktoria. Baadhi ya viwango vikubwa sana havikutoka mgodini hata kidogo, bali katika sabuni za kung'arisha ngozi! Bila mpimaji makini, lawama yote ingeuangukia mwalo.

Soko la madini la Geita lilifunguliwa mwaka 2019. Mchimbaji hufika hapo na dhahabu yake ikapimwa usafi kwa mashine mbele ya macho yake. Silaumu jambo hilo. Ni haki yake. Lakini mtu yuleyule akitaka kujua kiasi cha zebaki kilichomo mwilini mwake, safari yake ni ndefu kuliko ya dhahabu yake.

Wako wanaosema kwamba yafaa kwanza kuiondoa zebaki, kwani Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na vipimo ni anasa. Siafikiani nao. Tutajuaje kama inapungua miilini tusipopima? Chombo cha kunasia mvuke kikigawiwa kijijini, mkojo wa wachomaji, ukipimwa kabla na baada ya miezi kadhaa, ndio utakaosema kama chombo kinatumika au kimewekwa uvunguni.

Nashauri chumba cha kupimia zebaki kiwekwe Geita na kingine Kahama, chini ya wataalamu waliosajiliwa, na majibu yao yalinganishwe kila mara na yale ya maabara ya Mkemia Mkuu iliyoko Mwanza. Nao walimu wa kemia wa mikoa hiyo wana jambo wanaloweza kulifanya bila kungoja fedha: wagawe kimiminika kimoja chenye sukari kwa makundi sita ya wanafunzi, kila kundi lipime peke yake, kisha majibu yote yaandikwe ubaoni.