Darizi na Msamiati Unaotuponyoka

Ipo dhana miongoni mwetu wanafunzi wa fasihi kwamba kazi ya sindano ni shughuli ya uani isiyostahili kuingia katika tasnifu. Nami nilikuwa na dhana hiyo hadi nyanya yangu wa Msambweni alipofariki, kabla sijaandika hata jina moja la mishono aliyoijua.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Kudarizi, au kutarizi, ni kutia nguo nakshi kwa uzi. Neno hili lina nasaba moja na tirazi, jina walilolipata Waarabu kwa Waajemi, lililotumiwa kwa mikanda yenye maandishi katika nguo za makhalifa. Huko Misri, mafundi wengi wa nguo hizo walikuwa Wakopti, Wakristo wa nchi hiyo, katika karakana za miji kama Tinnis na Damietta. Ufundi wao ulianza kabla ya Uislamu. Nguo zao za kitani zenye nakshi za sufi zilifukuliwa makaburini huko Akhmim katika miaka ya 1880, na leo nguo za Kikopti zimo katika makumbusho ya London na Paris. (Nyingi huitwa darizi, ilhali nakshi zake zilifumwa pamoja na nguo, hazikushonwa kwa sindano.) Kilichozihifadhi ni mchanga mkavu wa jangwani.

Sisi wa Diani na Msambweni mchanga tunao, tena wa kusifiwa na watalii, lakini hauhifadhi nguo. Unyevu, chumvi, koga na mchwa havikutuachia kitu. Tulichobakiwa nacho ni maneno.

Nyanya alikuwa akidarizi kofia za viua. Aliweka bafta nyeupe mapande mawili, akachora kwa penseli, akatoboa, kisha akazungushia uzi kila tundu mpaka ukingo ukawa mgumu. Tundu hilo ndilo kiua. Duara la juu na ukanda wa pembeni alividarizi mbalimbali, ndipo akaviunganisha. Kofia moja ilimchukua miezi. Alipokuwa akishona, alitaja kila hatua kwa jina lake, nami nilikuwa nikisoma riwaya barazani!

Kanzu nayo ina utajiri wake. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imetaja kanzu ya kazu, ya ziki na ya kufuta, zikitofautishwa kwa kazi ya shingoni. Ni wangapi kati yetu wanaozitambua? Hata taharizi, kile kipande cha ubavuni mwa kanzu, wengi wetu hukichanganya na tarizi.

Likizo iliyopita niliwauliza wachuuzi watatu wa kofia pale Msambweni majina ya nakshi walizokuwa wakiuza, zote kazi ya mashine. Wote walinijibu, "Ni maua tu."

Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya msamiati wa mafundi asiambiwe kwamba hiyo si fasihi. Vilevile, chama chetu kinapopanga safari ya nyanjani, kisiishie Mombasa. Kivuke Likoni, kiteremke hadi Vanga na Wasini kwa wasemaji wa Kivumba, kiwaulize akina mama na mafundi wa kanzu kila mshono unaitwaje. Gharama yake ni nauli, daftari na subira ya kukaa mkekani mchana kutwa.